Kupanga Masomo ya Mlango wa Wakfu na Amana kwa Mwenye Kukabili Mtihani

 Risala hii fupi yawahusu ndugu zetu watu wa pwani walioko huku bara, nao ni namna tatu. Wa kwanza ni vijana wanaosoma sheria katika Chuo Kikuu cha Dodoma na vyuo vinginevyo, ambao hukutana na somo la amana kabla ya kwenda kwenye Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ile iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Wa pili ni wale waliosoma vitabu misikitini, nao wataka kazi ya ukadhi Zanzibar au Kenya. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, yataka kadhi awe Mwislamu mwenye ilimu ya sharia ya Kiislamu itakayoiridhisha Tume ya Utumishi wa Mahakama. Wa tatu ni watumishi waliohamia Dodoma pamoja na serikali tangu mwaka 2016, wanaosoma usiku baada ya kazi. Wote hawa, wakija darsani hapa Mkonze, huuliza swala moja: nianze wapi, na nisome siku ngapi?

Nami husema, swala la siku lina jawabu nyepesi, na tutalifikia. Swala la wapi pa kuanza ndilo zito. Kwani mlango huu wa mali iliyofungwa kwa ajili ya wengine, wewe utauliziwa kwa vitabu viwili visivyofanana, navyo hutumia maneno yanayofanana. Mwanafunzi aliyesoma kitabu kimoja tu hujibu nusu, na aliyevisoma vyote viwili bila ya kuvitenga hujibu makosa, na huyu wa pili ndiye mwenye hasara zaidi, maana hajui ya kuwa amekosa.

Wala hasara hiyo si ya karatasi ya mtihani peke yake. Nyumba ngapi za pwani zilifungwa na wazee kwa nia njema, kisha zikafika mbele ya hakimu asiyejua lugha ya wakfu, na upande wa wenye wakfu ukasimamiwa na wakili asiyeijua pia! Na viwanja vingapi vya misikiti vimeandikwa kwa jina la mzee mmoja, kwa kuwa alikuwa mwaminifu, hata alipokufa warithi wake wakaja na hati mkononi! Huyo atakayefaulu mtihani huu ndiye atakayekwenda kuulizwa mambo hayo na watu wasiokuwa na mwingine wa kumwuliza.

Basi anza kwa majina. Watu wa sheria ya serikali huiita mali iliyowekwa mkononi mwa mtu kwa manufaa ya mwingine "amana", na mwenye kuishika humwita "mdhamini". Sasa wewe uliyesoma fiqhi wajua ya kuwa amana na dhamana kwetu ni vitu viwili vinavyopingana. Mkono wa amana ni mkono wa yule asiyelipa kitu kikiharibika bila ya kuzembea kwake, na mkono wa dhamana ni mkono wa yule anayelipa kwa kila hali, kama mnyang'anyi, au kama mwenye kuazima kwa matumizi yasiyoruhusiwa. Ukisoma "mdhamini" katika sheria ukamfahamu kwa maana ya fiqhi, utamtwika mzigo asio nao. Yule mdhamini wa sheria ya serikali yu karibu zaidi na nadhiri wa wakfu, ijapokuwa si yeye. Kadhalika "amana" katika vitabu vyetu aghalabu hukusudiwa wadia, yaani mtu kumwekea mwenzake kitu akakihifadhi tu, wala haina kuzalisha wala kugawanya mapato. Kwa hivyo chukua daftari kubwa, ukurasa wa kulia uandike fiqhi, na ukurasa wa kushoto uandike sheria, na kila neno ulikutalo liandike pande zote mbili pamoja na maana yake ya kila upande. Kazi hii yachosha, lakini ndiyo nusu ya mtihani.

Katika upande wa kulia, usikimbilie vitabu vikubwa. Anza kwa Matni ya Abu Shujaa, ambayo mlango wake wa wakfu ni mistari michache tu, uuhifadhi kwa moyo. Humo utapata ya kuwa kitu kiwe chaweza kunufaisha na dhati yake ikabaki, na wenye kuwekewa wawe wapo na ufuasi wao usikatike, na isiwe katika jambo la haramu, kisha sharti za mwenye kuweka zifuatwe. Ukiwa na hayo, soma Fat-hul Qarib ya Ibn Qasim, kisha ndipo uingie katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra. Kitabu cha wakfu humo kiko baina ya mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa na mlango wa hiba, na mahali pake hapo pana maana: utangulie kujua ardhi humilikiwaje kabla ya kujua hufungwaje.

Jambo linalowaangusha wengi katika Minhaj ni kuyapita maneno ya khitilafu bila ya kuyafahamu. Imamu Nawawi akisema "adhhar" au "mash-hur", khitilafu ni baina ya kauli za Imamu Shafii mwenyewe. Akisema "asahh" au "sahih", khitilafu ni baina ya rai za wanafunzi wa madhhabu. Na akisema "madh-hab", basi ni khitilafu ya njia za kuyanakili. Mtahini mwenye ilimu hutazama hapo kwanza. Ukimwandikia "Shafii amesema" mahali ambapo kitabu kimesema "asahh", amekwisha kukujua. Ukiisha hayo, katika sherehe yakutosha moja, ama Mughni ya Khatib Shirbini, ama Tuhfa ya Ibn Hajar. Na kuzisoma zote kwa muda wa miezi mitatu ni kujidanganya.

Nguzo za wakfu ni nne: mwenye kuweka, kitu chenye kuwekwa, mwenye kuwekewa, na tamko. Usizihifadhi kama orodha, bali zitafutie mfano wa hapa ulipo. Huku Ugogo watu hulima zabibu. Je, Zaid akisema, "Zabibu hizi nilizozivuna nimeziweka wakfu kwa mafakiri," yasihi? Haisihi, kwani zabibu hainufaishi illa kwa kuliwa, na ikiliwa imekwisha. Hiyo ni sadaka tu. Na akisema, "Mizabibu yangu nimeiweka wakfu," yasihi, kwani mti wabaki na tunda ndilo manufaa yake. Na mzabibu ukikauka? Wakfu wake haukatiki, bali watumika kwa namna yoyote iwezekanayo. Na fedha? Katika madhhabu yetu fedha ya kutumiwa haiwekwi wakfu, kwa ile ile sababu ya zabibu. Nawe ujue ya kwamba wenzetu wa madhhabu nyingine wana njia katika jambo hili, kwa kuwa mtahini wa chuo hupenda kuuliza mambo ya wakfu wa fedha. Mfano mmoja kama huu wakaa moyoni kuliko kurasa kumi za kunakili.

Katika tamko dumu sana. Sharti zake ni kuwa la kudumu, wala si la muda; mtu akisema, "Nimeweka wakfu mwaka mmoja," ni batili. Na liwe la papo hapo, lisitundikwe juu ya jambo lijalo, ila kifo: akisema nyumba yake iwe wakfu kwa mafakiri baada ya kufa kwake yasihi, lakini huchukuliwa hukumu ya wasia, ikapimwa katika thuluthi. Na lisiwe na khiari ya kurejea. Na liseme ni nani wenye kuwekewa. Na aliyewekewa akiwa ni mtu maalumu, katika kauli iliyo asahh yatakikana akubali.

Baada ya nguzo, msome nadhiri. Huyu ndiye mtahini atakayekuuliza habari zake, na katika maisha ndiye atakayekuletea kesi. Mwenye wakfu akimtaja mtu wa kuangalia, hufuatwa. Asipomtaja, kazi ni ya kadhi. Sharti lake ni uadilifu na kuiweza kazi. Wadhifa wake ni kutengeneza, kukodisha, kukusanya mapato na kuyagawanya. Na mas-ala moja ya Minhaj ihifadhi kwa moyo: nadhiri akikodisha nyumba kwa kodi ya haki, kisha kodi za mji zikapanda kabla ya muda kwisha, au akatokea mpangaji wa kutoa zaidi, mkataba hauvunjiki katika kauli iliyo asahh. Nimeona watu wakimlaumu nadhiri kwa jambo hili na kumwita mwizi, naye hana kosa lolote.

Sasa geuza ukurasa wa kushoto. Yakupasa ujue kwanza kwa nini hakimu wa Tanzania Bara asoma hukumu za Uingereza. Sababu ni kuwa Tanganyika ilipokea kanuni za kawaida za Kiingereza, na kanuni zao za insafu, na sheria zao za matumizi ya jumla, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Na mlango wa amana wote umetoka katika kanuni hizo za insafu. Basi katika kesi za Kiingereza usizijaze kichwani kesi mia. Kesi ya Knight, ya mwaka 1840, ihifadhi, kwani humo hakimu Langdale alitaja yakini tatu: yakini ya maneno, yakini ya mali, na yakini ya wenye kunufaika. Ukizitia macho utaona ni tamko, na kitu chenye kuwekwa, na mwenye kuwekewa. Nguzo tatu katika nne! Uandike ulinganifu huu katika daftari, kwani mtahini huupenda. Walakini uandike na tofauti, ya kuwa yakini hizo hazina sharti la kudumu, na amana ya Kiingereza yaweza kuwa ya miaka kumi ikaisha.

Na kesi ya Keech, ya mwaka 1726, ihifadhi kwa kisa chake. Mdhamini alishika kodi ya soko kwa ajili ya mtoto mdogo. Muda ulipokwisha, mwenye soko akakataa kumkodisha mtoto, ndipo mdhamini akajikodishia nafsi yake. Mahakama ikasema faida yote ni ya mtoto, ijapokuwa mtoto asingaliipata kodi ile kwa vyovyote. Fuqahaa wetu walimkataza nadhiri kujikodishia mali ya wakfu kwa kuwa mtu mmoja hawi mtoaji na mpokeaji kwa wakati mmoja. Njia ni mbili, na mahali pa kufikia ni pamoja.

Kisha kuna sadaka za Kiingereza, ambazo katika kesi ya Pemsel ya mwaka 1891 zilitiwa katika mafungu manne: kuondoa umasikini, kueneza ilimu, kueneza dini, na mengineyo yenye manufaa kwa watu wote. Msikiti na madrasa vyaingia humo bila ya taabu. Tatizo halipo hapo. Tatizo liko katika wakfu wa kizazi, nao nataka tukae juu yake kidogo, kwani ndio uliowatoa machozi watu wa pwani.

Kwetu mtu kuweka nyumba wakfu kwa wanawe, kisha wana wao, kisha mafakiri, ni jambo jema, kwa kuwa kumpa jamaa ni sadaka na ni kuunga udugu. Kwa Waingereza sadaka ni ya watu wa nje, na kuifunga mali kwa kizazi baada ya kizazi ni jambo wanalolichukia. Wana kanuni yao ya kuwa haki haicheleweshwi kupita umri wa mtu aliyekwisha kuwako na miaka 21 juu yake. Basi mwaka 1894 Baraza la Mfalme la London, katika kesi ya Abul Fata iliyotoka Bengal, likabatilisha wakfu wa kizazi, likasema sehemu ya mafakiri ni ya mbali mno, ni kama jina tu. Waislamu wa Bara Hindi wakapiga kelele, hata ikapatikana sheria ya mwaka 1913 ya kuusahihisha wakfu huo kwao. Lakini sheria ile ilikuwa ya Bara Hindi. Huku kwetu mahakama za Kiingereza zikaifuata hukumu ya 1894, juu ya kuwa watu wake ni Mashafii wa pwani ya Afrika, wala si Mahanafi wa Bengal. Na kesi ya Bakhshuwen, iliyochapishwa katika mkusanyiko wa hukumu wa mwaka 1952, ikathubutisha hayo mbele ya Baraza lile lile la London. Kenya ikatunga Sheria ya Makamishna wa Wakfu mwaka 1951 ili kuusahihisha wakfu wa kizazi, kwa sharti mwisho wake uwe wa mafakiri au jambo la kheri lisilokatika. Zanzibar ilikuwa na tume ya wakfu tangu mwaka 1905, na Kamisheni yake ya Wakfu na Mali ya Amana ikapata sheria mpya mwaka 2007.

Ndugu msomaji, angalia jambo lililofanyika hapo. Mahakimu wale hawakuwa wajinga. Nao walikuwa na Minhaj mezani! Lakini Minhaj waliyokuwa nayo ni ile ya Howard, iliyochapwa London mwaka 1914, naye Howard aliitoa katika Kifaransa cha van den Berg, na van den Berg ndiye aliyeitoa katika Kiarabu. Maji yaliyopita katika vyombo viwili kabla ya kukufikia. Nawe ukiitumia tarjuma hiyo katika jawabu lako, na si haramu kuitumia, usinakili hukumu humo pasina kuirejea Kiarabu chake.

Sasa tuje kwenye ardhi, na hapa ndipo penye uzito mkubwa kwa mtu wa Mkonze. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, nayo imewekwa kwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Mtu hana dhati ya ardhi, ana haki ya kuikalia tu. Na haki ya kupewa kwa hati haipiti miaka 99. Hapa Dodoma ilikuwa fupi kuliko hivyo: hati za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoanzishwa mwaka 1973, zilikuwa za miaka 33, hata mamlaka hiyo ilipovunjwa mwaka 2017 ikaamriwa zibadilishwe ziwe za miaka 99.

Mwanafunzi wa fiqhi akiyasikia hayo hushtuka, na haki yake kushtuka. Wakfu sharti yake ni kudumu, na kitu kiwe milki ya mwenye kukiweka. Sasa mtu mwenye miaka 33, au hata 99, aweka nini? Wengine hukata tamaa wakasema huku bara hakuna wakfu ila wa misahafu na mikeka. Hii si kweli. Imamu Nawawi ameitaja mas-ala yenyewe khasa: mtu akiweka wakfu jengo au miti iliyo katika ardhi aliyoikodi kwa kujenga au kupanda, basi katika kauli iliyo asahh yajuzu. Kinachowekwa ni jengo na mti, ambavyo ni milki yake ya haki, wala si udongo. Muda ukiisha, jengo likaondolewa, yale yaliyobaki yakiwa yana manufaa yabaki kuwa wakfu. Na yakiwa hayana, vitabu vimekhitilafiana yawe ya nani. Jawabu hii yatosha kwa kijana aliyeulizwa juu ya nyumba ya vyumba vinne Mkonze. Na ikiwa ni ardhi ya kijiji, yenye hakimiliki ya kimila, ambayo yaweza kuwa haina ukomo wa miaka, jambo ni jepesi zaidi. Lakini udongo wake pia si wako.

Ama msikiti, usiuache katika jina la mtu. Sheria ya Uunganishaji wa Wadhamini, Sura ya 318, yawaruhusu wadhamini kusajiliwa wakawa mtu mmoja kisheria, mwenye muhuri, asiyekufa kwa kufa mmoja wao. Na usajili huo uko kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Katika mtihani taja jambo hili hata kama hukuulizwa kwa jina lake, maana swali la "warithi wanadai kiwanja cha msikiti" jawabu yake nusu iko hapo.

Na sasa mfano wa mas-ala kamili, ili uone namna ya kuandika. Zaid, mtu wa Tanga aliyehamia Dodoma, aliandika karatasi akiwa mzima: "Nyumba yangu ya Mkonze na mizabibu yangu nimeiweka wakfu juu ya nafsi yangu maadamu ni hai, kisha juu ya wanangu, kisha juu ya wana wao." Akafa, akaacha mke, na mabinti wawili, na ndugu wa kiume. Binti wasema ni wakfu, ndugu asema ni urathi.

Jibu kwa fiqhi kwanza. Mwenye kuweka ni mzima na ni mwenye akili. Kitu ni jengo na miti, chasihi. Tamko ni wazi. Lakini mwenye kuwekewa wa kwanza ni nafsi yake, na wakfu wa mtu juu ya nafsi yake katika kauli iliyo asahh hausihi. Basi mwanzo wake umekatika, na wakfu uliokatika mwanzo ni batili katika madh-hab. Kwa hivyo mali ni urathi: mke thumuni, binti thuluthi mbili, na ndugu kilichobaki. Usiishie hapo. Sema kama angaliandika "juu ya wanangu, kisha wana wao" tu, ungalisihi katika kauli iliyo adhhar, ijapokuwa mwisho wake umekatika. Na kizazi kikiisha mali ingalikwenda kwa aliye karibu zaidi na Zaid katika jamaa zake. Na kama angaliongeza "kisha mafakiri wa Mkonze" pasingalikuwa na la kusema.

Kisha jibu kwa sheria. Hapo utaona ajabu. Kuanza na nafsi yake, ndiko kulikouangusha wakfu kwa fiqhi, hakuna ubaya katika amana ya Kiingereza. Mtu huweka amana akanufaika nayo maisha yake. Lakini kule kushuka kwa wana na wana wa wana, ambako fiqhi haikuona taabu, ndiko kunakogonga kanuni ya miaka 21, na ndiko walikokamata mahakimu wa 1894. Karatasi ni moja, vitabu viwili vyaikosoa, na kila kimoja chaikosoa mahali ambapo mwenziwe ameipitisha. Mwanafunzi aliyechanganya daftari lake atasema "batili" kwa vyote viwili akapata alama kidogo; aliyelitenga atasema ni kwa nini kila upande, na hiyo ndiyo jawabu. Na ukiwa na wakati, ongeza ya kuwa Zaid kama angaliandika karatasi hii katika maradhi ya mauti yake, mambo yangaliingia katika thuluthi na ridhaa ya warithi. Wallahu aalam.

Basi siku. Mimi huwapangia watu majuma 12, siku sita kila juma, na saa mbili kila siku: saa moja baada ya sala ya Alfajiri, kwa ajili ya kuhifadhi; na saa moja baina ya Magharibi na Isha, kwa ajili ya kusoma na kuandika. Jumla yake ni saa 144, nazo zatosha kwa mtu asiyezivunja. Juma la kwanza ni la majina na Abu Shujaa. Manne yanayofuata ni ya Minhaj na sherehe yake. Matatu ni ya amana ya Kiingereza na kesi zake. Moja ni la ardhi na wadhamini. Mawili ni ya kuandika majawabu tu, bila ya kufungua kitabu, na la mwisho ni la kurejea daftari. Ijumaa usisome jambo jipya. Kaa na mwenzako mkaulizane. Kuulizana huku wazee wetu wakikuita mudhakara, nako kwafichua ujinga ambao kusoma peke yako kwaufunika. Asiyepata mwenzake wa kusoma naye, na amfundishe mtu asiyejua, mke wake akiridhia kumsikiliza mas-ala ya Zaid, akamwuliza "na yule mke wa Zaid alale wapi?", amepata mtahini mkali kuliko wa chuo.

Mtu wa ofisi atasema jioni amechoka. Basi na azidishe ya Alfajiri, wala asiiondoe. Akili ya Alfajiri haijauzwa kwa mtu bado. Ama wale wanaongojea juma la mwisho wakakesha kwa kahawa, hao nimewaona wakitoka mtihanini wanalia, na nimeona wawili watatu wakifaulu, na kufaulu kwao ndiko kunakowadanganya wengine.

Majuma mawili ya kuandika usiyafanyie bakhili. Tafuta maswali ya mitihani iliyopita, weka saa mbele yako, andika kwa mkono wako kama ambavyo utaandika siku hiyo, kisha mpe mtu asome. Wengi wa watu wetu wana ilimu midomoni na mikono yao ni mizito, kwa kuwa darsani twasoma kwa kusikia. Anza kila jawabu kwa kuitaja mas-ala yenyewe kwa maneno machache, fuata na hukumu, fuata na dalili au kesi, kisha iweke hukumu juu ya kisa ulichopewa. Usiandike historia ya wakfu wa Khaybar katika kila swali. Sayyidna Umar, Mungu amwie radhi, alipoifunga ardhi yake ile ndipo ulipoasisiwa mlango huu, nao ni msingi wetu, lakini aliyeulizwa juu ya kodi ya nyumba hana haja ya kurasa mbili za Khaybar.

Siku ya mtihani ikiwa karibu, usiku wake funga daftari baada ya Isha ukalale. Asubuhi tia mkobani kalamu mbili na kitambulisho, na kama unatoka Mkonze kwenda mjini toka mapema. Ukipewa karatasi, soma maswali yote kabla ya kuandika neno, na kwa kila swali andika pembeni herufi moja: "f" kama wataka fiqhi, "s" kama wataka sheria, na zote mbili kama wataka vyote. Ndipo uanze na lile unalolijua zaidi.